Wi-Fi ya kawaida, zamu za TDMA au fremu za GPS: modi ipi kwa sekta ya wateja 34?

"Kaka, sekta moja ina wateja 14 na mambo ni safi. Nina maombi mengine 20 mkononi. Ninunue redio mpya, au nibadilishe modi tu?"

Aliyeuliza ni jamaa anayesambaza intaneti ya antena nyumba kwa nyumba huko Muheza, mkoani Tanga. Mnara wake ni bomba la chuma lililosimikwa juu ya kilima, una redio tatu za 5 GHz, kila moja ikihudumia upande wake (huo upande ndio sekta), na kila mteja ana dishi dogo juu ya bati. Nikamuuliza ishara za wateja zikoje. "Wengi wako hasi sitini na kitu." Hiyo ni dBm, kipimo cha nguvu ya ishara, na ni nzuri. Na wale wabaya? Akanyamaza kidogo, kisha akacheka: "Wale ni wa kwenye miembe."

Hao wa kwenye miembe, ambao miti inawazibia ishara, ni zaidi ya nusu ya jibu. Lakini kwa kuwa ametaja modi, yaani namna redio zinavyopeana nafasi ya kusema hewani, na kwa kuwa swali hili huniijia kila mara kutoka kwa watu wenye minara ya wateja hamsini mpaka mia, nitazilinganisha modi hizo kwa kutumia sekta yake hiyo hiyo na namba zake.

Kwanza hesabu, modi baadaye

Redio ya mnarani ni bomba la maji la mtaa lenye koki moja. Watu wamepanga ndoo, koki inamhudumia mmoja mmoja. Mwenye mpira mzima anajaza upesi na kuondoka. Mwenye mpira uliopasuka anataka ndoo moja tu kama wenzake, ila anashika koki mara tano zaidi, na foleni nzima inamsubiri yeye. Kwenye redio mpira uliopasuka ni ishara dhaifu. Redio ikiona ishara imefifia hupunguza mwendo ili ujumbe ufike bila kuharibika, na data ile ile hukaa hewani kwa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mtu wa mnara anagawa muda. Mbps ni matokeo ya mgawo huo.

Chukua chaneli ya MHz 40 na redio za 802.11ac (Wi-Fi 5) zenye mikondo miwili ya data. MCS ni ngazi ya mwendo ambayo redio huchagua kufuatana na ishara: kwenye MCS 7 skrini itakuonyesha Mbps 300, kwenye MCS 4 itaonyesha 180, kwenye MCS 1 itaonyesha 60. Ukiondoa vichwa vya pakiti, majibu ya kuthibitisha mapokezi na muda wa kupokezana zamu, mimi huhesabu nusu: 150, 90 na 30. Wapo watakaosema nusu ni woga. Sawa, lakini mimi simu yangu hailii usiku.

Sekta ya jamaa ikifika wateja 34, kwa jinsi nyumba zilivyokaa, 22 watakuwa kwenye 150, wanane kwenye 90 na wanne kwenye 30. Grafu za ruta yake zinaonyesha kwamba saa ya msongamano kila mteja anashusha wastani wa Mbps 2.5. Wote kwa pamoja wanahitaji Mbps 85.

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanachukua wastani wa kawaida wa mwendo wa wateja, yaani 22 mara 150, jumlisha 8 mara 90, jumlisha 4 mara 30, gawa kwa 34, wanapata kama 122. Wanasema 85 kwa 122 ni asilimia 70, nafasi ipo. Haipo. Hesabu muda wa kila kundi peke yake. Wale 22 wanakula asilimia 37 ya muda wa sekta, wanane wanakula 22, na wale wanne wa miembe wanakula 33. Jumla ni asilimia 92. Uwezo halisi wa sekta hii ni Mbps 92, wala haifiki 122. Na hapo hatujagusa kupandisha: mpe kila mteja Mbps 0.3 tu za kupandisha kwa mwendo ule ule, umepita asilimia 100. Wateja wanne kati ya 34 wameshika zaidi ya theluthi moja ya muda wote unaotumika.

Sasa waondoe kwenye mpira uliopasuka. Ukiwafikisha wote wanne kwenye 90, mgawo wao unashuka kutoka asilimia 33 hadi 11, na sekta nzima inatulia kwenye 70 kwa kushusha, kama 78 ukijumlisha kupandisha. Mnara ni ule ule, leseni ile ile, hujanunua redio hata moja. Kikomo changu ni asilimia 80, kwa hiyo hapo ndipo sekta imefika. Mteja wa 35 namsubirisha mpaka nipime tena.

Kuhusu saa ya msongamano, usichukue wastani wa siku nzima. Tanga ni saa 2 mpaka saa 5 usiku, na Simba na Yanga wakicheza unaanza mapema kuliko hapo. Mwezi wa Ramadhani unahama kabisa: jioni grafu inalala, inaamka baada ya tarawehe na kuendelea mpaka karibu na daku. Mwaka wa kwanza nilidhani ruta imeharibika saa.

Na uwiano wa kuuza kupita uwezo, ule ambao kila muuzaji wa vifurushi ana namba yake kichwani? Jamaa anauza kifurushi cha Mbps 10. Wateja 34 ni Mbps 340 zilizouzwa. Juu ya uwezo wa 92 ni 3.7 kwa 1. Juu ya sekta iliyorekebishwa yenye uwezo wa kama 121 ni 2.8 kwa 1. Namba hiyo ni matokeo, usianzie nayo. Ukiambiwa "tumia 10 kwa 1" na mtu ambaye hajui una miembe mingapi, msikilize kwa heshima kisha urudi kwenye grafu zako. Hata wakubwa hesabu hii inawabana: Novemba 2024 Starlink ilisimamisha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu nafasi ilikuwa imejaa. Setilaiti nayo ni koki, na eneo moja lina foleni yake.

Wi-Fi ya kawaida: baraza lisilo na mwenyekiti

Hii ndiyo modi ambayo redio nyingi huja nayo kutoka kwenye boksi. Kila redio husikiliza kwanza. Ikisikia kimya, inasubiri kidogo kwa kubahatisha, inasema. Watu watano wenye adabu ukumbini wanaweza kuzungumza hivyo siku nzima bila mwenyekiti.

Tatizo la mnara ni kwamba wateja hawako ukumbini. Kila mmoja ana dishi lililoelekezwa mnarani, yaani limempa jirani mgongo. Mteja wa mashariki hamsikii wa magharibi, wote wanasikia kimya, wote wanasema kwa pamoja, na mnara unasikia vurugu. Kadiri dishi lilivyo zuri, ndivyo tatizo linavyokuwa baya. Kuna kinga ya kuomba ruhusa kabla ya kusema, ile ya RTS na CTS, nayo husaidia, lakini hula muda ule ule tunaoubania.

Umbali nao una neno. Nafasi ya kusubiri ya Wi-Fi kwenye 5 GHz ni maikrosekunde 9. Wimbi la redio hutumia maikrosekunde 3.3 kwa kila kilomita. Ukivuka kilomita 3, sauti ya mwenzako haijakufikia na nafasi yako ya kuanza kusema imeshapita. Ndiyo maana redio za nje zina sehemu ya kujaza umbali, na ukiijaza, nafasi za kusubiri zinarefuka na uwezo unapungua. Wi-Fi iliundwa kwa ajili ya sebuleni, na ukiipeleka shambani inakukumbusha.

Hata hivyo siipuuzi. Kwa wateja 14 wa jamaa, ambao saa ya msongamano wanatumia kama theluthi ya muda wa sekta, ilikuwa inatosha, ndiyo maana alisema mambo ni safi. Pingi yake, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, hewa ikiwa tupu ni ndogo, mara nyingi milisekunde moja au mbili. Na ina kitu ambacho modi nyingine hazina: unaweza kuchanganya chapa. Redio ya mnarani ya kampuni moja, ya mteja ya kampuni nyingine, hata simu ya mkononi inaiona. Kwa anayeanza na vifaa vya mtumba hilo si dogo.

Ubaya wake ni namna inavyokufa. Haichoki polepole. Niliwahi kuwa na sekta iliyobeba wateja 18 bila lalamiko. Nikaunganisha wa 19, mwalimu mstaafu mwenye kamera mbili za ulinzi zinazopandisha picha mchana kutwa, na wiki hiyo sekta nzima ikaanguka. Wanaogongana wanarudia, marudio yanagongana tena, redio zinadhani ishara ni mbaya zinashusha mwendo, kila mmoja anakaa hewani zaidi. Hata wale ambao skrini bado iliwaonyesha 300 walikuwa wakipata 1.

TDMA nyumbufu: mwenyekiti anayeangalia nani ana la kusema

Hapa mnara ndio unaotoa zamu. Hakuna anayesema bila kuitwa, kwa hiyo suala la kutosikiana linaisha. Asiye na data anapitwa haraka. Mwenye nyingi anapewa nafasi ndefu. Mpaka kati ya kushusha na kupandisha unasogea kufuatana na mahitaji ya wakati huo.

Kila mtengenezaji wa redio ana jina lake. Ubiquiti wanaiita airMAX, na walianza nayo mwaka 2009. MikroTik wana NV2, iliyokuja na programu yao ya RouterOS 5, baada ya Nstreme ya zamani. Cambium kwenye familia ya ePMP wanaiita Flexible. Majina tofauti, na hazielewani: ukiwasha airMAX mnarani, redio ya MikroTik ya mteja haitauona mnara. Ukichagua modi hii umechagua na chapa ya dishi utakalonunua miaka mitano ijayo. Watumiaji wa MikroTik waangalie jambo moja zaidi kabla ya kuagiza: redio mpya zinazotumia kifurushi cha programu cha wifi-qcom hazina NV2 wala Nstreme kabisa. Mtu akinunua dishi jipya la ax (Wi-Fi 6) akitegemea litaingia kwenye sekta yake ya NV2, atarudi nalo dukani.

Rudi kwenye sekta ya wateja 34 baada ya kurekebisha miembe. Ina uwezo wa kama Mbps 121 za pande zote mbili, mpaka unasogea wenyewe, matumizi ni asilimia 78. Inapumua. Zile Mbps 92 za kabla ya kurekebisha, hata kwa modi hii, zingezidiwa. Mwenyekiti hodari hawezi kumfanya mwenye kigugumizi amalize haraka.

Ukitumia NV2 kuna urefu wa kipindi cha zamu, kwa kawaida milisekunde 2. Ukiurefusha unapata uwezo zaidi kidogo na pingi kubwa zaidi, kwa sababu kila anayesubiri anasubiri mzunguko mrefu. Wateja wa nyumbani hawatatambua tofauti, vijana wa gemu watakupigia siku hiyo hiyo. Radius ya eneo nayo iwe ya mteja wa mbali zaidi uliye naye. Watu huacha kilomita 30 iliyokuja na kifaa huku mteja wao wa mwisho yuko kilomita 6, na kila zamu inalipa muda wa safari ambayo hakuna anayesafiri.

Fremu zilizofungwa na kupangwa kwa GPS

Modi mbili za juu zote zinaangalia sekta moja. Hii inaangalia mnara mzima, na minara ya jirani.

Simama juu ya mnara. Redio ya sekta ya kaskazini inatuma kwa dBm 25. Mita moja pembeni, redio ya sekta ya kusini inajaribu kumsikia mteja anayefika kwa hasi 65. Tofauti ni dB 90, yaani mara bilioni moja. Antena zikielekea pande tofauti zinakula sehemu kubwa ya tofauti hiyo, lakini kinachobaki bado kinatosha kukuziba masikio, hata chaneli zikiwa zimepishana kidogo. Dawa ni zote kutuma kwa pamoja na kusikiliza kwa pamoja. Kwa hilo zinahitaji saa moja, na saa hiyo inatoka kwenye setilaiti za GPS. Canopy, redio za minara za Motorola, zilifanya hivi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Biashara hiyo ndiyo iliyotengwa mwaka 2011 na kuwa Cambium Networks.

Ili wote wanyamaze kwa pamoja, fremu, yaani mzunguko mmoja wa kushusha na kupandisha, lazima ifanane kila kona: urefu mmoja, uwiano mmoja wa kushusha na kupandisha, umbali mmoja wa juu kabisa. Huo ndio mfungo. Mnyumbuliko unakufa. Weka sekta ya jamaa kwenye 75/25, robo tatu ya muda kushusha na robo kupandisha, uone: kushusha kunahitaji asilimia 70 ya muda wote, lakini kumepewa 75 tu, kwa hiyo sehemu ya kushusha imejaa kwa asilimia 93. Kupandisha kumepewa robo nzima na kunatumia theluthi yake. Kwa sekta moja inayosimama peke yake, umejifunga kamba kwa hiari.

Umbali nao unakatwa. Ukiweka kilomita 20, safari ya kwenda na kurudi ni maikrosekunde 133 hivi za ukimya. Kwenye fremu ya milisekunde 5 ni chini ya asilimia 3. Kwenye ya 2.5 ni zaidi ya 5. Na pingi inapanda: nyaraka za ePMP 1000 hutaja takriban milisekunde 17 kwa modi ya GPS dhidi ya 6 kwa ile nyumbufu.

Kwa nini basi mtu aichague? Kwa sababu ya masafa. Jamaa akifikisha sekta nne za digrii 90 na akiwa na MHz 80 safi tu, bila GPS kila sekta itataka chaneli yake, nne za MHz 20. Kwa GPS, sekta zinazopeana mgongo zinatumia chaneli moja: mbili za MHz 40 zinazunguka mnara mzima, moja, mbili, moja, mbili. Linganisha sasa kwa sekta moja. Nyumbufu ya MHz 20 inakupa kama Mbps 60 za pande zote mbili, na kidogo zaidi kwa sababu chaneli nyembamba hubeba kelele chache. Fremu ya 75/25 ya MHz 40 inakupa 91 za kushusha peke yake. Ile kamba iliyoonekana ya kipuuzi kwenye sekta moja imekuwa faida kwenye nne.

Nina angalizo hapa, kwa sababu nimeona watu wakinunua GPS kama dawa ya jirani. GPS hairekebishi redio za mshindani wako. Yeye akiwa na modi yake na fremu zake, ataendelea kukupigia kelele kwa saa yoyote anayotaka. Mkitumia vifaa vya familia moja mnaweza kukubaliana fremu, lakini hilo linaanzia kibarazani kwa kahawa na kashata, na mara nyingi huishia kwenye kugawana chaneli, jambo ambalo mngeweza kulifanya bila GPS.

Zikikaa bega kwa bega

| | Wi-Fi ya kawaida | TDMA nyumbufu | Fremu za GPS |
|---|---|---|---|
| Anayetoa zamu | hakuna | redio ya mnarani | redio ya mnarani, kwa saa ya GPS |
| Kuchanganya chapa | ndiyo | hapana | hapana |
| Kushusha na kupandisha | anayewahi | hujisogeza | umeweka wewe, sawa kila sekta |
| Pingi | ndogo sana hewa ikiwa tupu, haitabiriki ikijaa | ya wastani, imetulia | kubwa zaidi, imetulia kabisa |
| Mimi huitumia | wateja wachache, au kiungo cha watu wawili | sekta moja hadi tatu zenye chaneli za kutosha | sekta nne na zaidi, au minara inayoonana |
| Inavyokufa | ghafla | polepole, unaona kwenye grafu | kwa upande mmoja, kushusha au kupandisha |

Ule mstari wa mwisho ndio ninaoutazama kuliko yote. Mtandao unaochoka polepole unakupa wiki tatu za kuagiza vifaa kutoka Dar. Unaokufa ghafla unakupa simu za matusi.

Wi-Fi 6 imeleta kugawa chaneli vipande vipande, OFDMA, na mnara kupanga zamu ndani ya kiwango chenyewe. Kwa mitandao ya nje inategemea sana mtengenezaji ameitumiaje, kwa hiyo siiweki kwenye jedwali.

Uwiano na upana wa chaneli

Kama umeamua fremu zilizofungwa, 75/25 ni chaguo la kwanza kwa mtaa wa nyumba za kuishi. Usiende mbali zaidi ya hapo kwa tamaa. Kila unachoshusha kinahitaji majibu madogo yanayopanda. Ukibana mlango wa kupandia, kushusha nako kunadorora na hutajua kwa nini. Mtaa wenye ofisi, kamera za ulinzi, au vijana wanaorusha video zao, anza na 50/50. Kumbuka uwiano ni mmoja kwa mnara wote, kwa hiyo usiwaweke wenye kamera na wenye filamu kwenye mnara mmoja wa GPS ukatarajia kumpendeza kila mtu.

Upana wa chaneli una ubishi mwingi kuliko unavyostahili. Ukiongeza upana mara mbili, kelele unayobeba inaongezeka dB 3. Kwa mteja mwenye ishara nzuri hilo si kitu, uwezo unakaribia mara mbili. Kwa mteja wa kwenye mwembe, dB 3 ndizo zilizokuwa zinamshikilia kwenye ngazi yake; anashuka, anakula muda zaidi, na unajikuta umeongeza koki na kupasua mpira kwa pamoja. MHz 80 kwenye sekta ya wateja wengi sijaiona ikinilipa mji wowote wenye zaidi ya mshindani mmoja. Na kabla ya kuchagua chaneli yoyote, angalia masharti ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, au ya CA kama uko Kenya, hasa sehemu za 5 GHz ambazo redio inalazimika kusikiliza rada na kuhama ikiisikia. Mnara unaohama chaneli wenyewe saa 3 usiku utakufundisha umuhimu wa kusoma masharti.

Kiungo mama hakitaki demokrasia

Yote haya yanaanguka kama kiungo kinacholisha mnara kimejaa. Sekta tatu zenye 121 kila moja hazina maana nyuma ya kiungo cha Mbps 150. Hapo modi inayofaa ni tofauti, kwa sababu wapo wawili tu. Hakuna asiyesikika, hakuna foleni. Wi-Fi ya kawaida inafanya kazi vizuri sana kati ya madishi mawili, na modi maalumu za nukta kwa nukta, kama ePTP ya Cambium, zinakuja na pingi ya milisekunde 2 hadi 3. Mara nyingi nakuta mtu ameweka kiungo mama kwenye fremu zilizofungwa kwa sababu ndivyo sekta zake zilivyo. Anawaongezea wateja wote pingi mara mbili bila faida yoyote.

Kama mnara uko chini ya kilomita moja kutoka kwenye faiba, 60 GHz ni nzuri na hewa yake ni tupu, kwa sababu oksijeni yenyewe hula dB 15 hivi kwa kilomita na jirani hafiki. Lakini mvua ya masika nayo inakula. Weka kiungo cha 5 GHz pembeni cha akiba, kiwe kidogo, kiwe kinawaka.

Tulichofanya Muheza

Redio mpya hakununua. Modi aliitoa kwenye Wi-Fi akaiweka kwenye nyumbufu, usiku wa saa 8, akianza na redio za wateja wa mbali ili asijifungie nje. Redio zake zote ni chapa moja, bahati ambayo si kila mtu anayo. Suala la GPS tumeliahirisha mpaka sekta ya nne isimame.

Lakini kabla ya modi tulianza na miembe. Wateja wawili walipata nguzo ya mita 6. Wa tatu alihamishiwa dishi upande wa pili wa paa na kupewa kubwa zaidi, akapanda hadi MCS 5. Wa nne ni mzee mwenye mwembe wa bolibo mbele ya nyumba, tawi moja likiwa katikati kabisa ya njia. Tulimwamkia, tukamweleza kwamba tawi likiwa na majani mabichi ya mvua ishara inakufa. Akatusikiliza mpaka mwisho, akasema mwembe ulikuwepo kabla ya intaneti na utakuwepo baada yake. Tukavuta kebo ya mita 40 kutoka dishi la binti yake nyumba ya pili, na sekta ikabaki na madishi 33.